Kiapo cha Baba Mmoja

Mimi nilikuwa mlinzi wa karatasi. Cheka tu, wengi wameshacheka. Mwaka 1987, katika kiwanda chetu cha nyaya za shaba hapa Lubumbashi, karatasi za mashine zilifika kwa treni mara moja kwa miezi mitatu, tena zikiamua kufika. Ufunguo wa kabati lake niliufunga kiunoni, na mkurugenzi mwenyewe alikuwa anabisha hodi kabla ya kuomba. Kwa hiyo siku nilipomwona Musonda anamaliza boksi zima kabla ya saa sita mchana, sikumpenda hata kidogo.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mfupi, mwendo wa haraka, mfukoni karanga za kukaanga siku zote. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Lukafu. Kanisani alibatizwa Marie-Thérèse, lakini miaka ile majina ya watakatifu yalikuwa marufuku kwenye karatasi za serikali, basi ofisini alikuwa citoyenne, yaani mwananchi, Musonda. Chuo kikuu alijifunza lugha ya mashine iitwayo Prolog kwa mwalimu aliyekuja nayo kutoka Marseille. Kiwanda kilimwajiri kwa jambo moja: kutengeneza orodha ya watoto wa wafanyakazi wenye haki ya kadi ya dispansari. Kabla yake orodha ile iliandikwa kwa mkono, na kila mwaka kuna watoto waliosahauliwa na kuna waliokufa wanaendelea kutibiwa.

Nilimfuata nikiwa nimefura. "Mama, boksi yote! Unaandikia nani?"

"Haina miye, Papa Karatasi," akajibu bila kugeuka. Ndivyo alivyonibatiza, na jina likanganda. "Ni mashine njo inasema."

Akanionyesha. Katika lugha ile, alisema, huiamrishi mashine ifanye hiki kisha kile. Unaiambia mambo yaliyo kweli: Mukuka ni baba ya Kabwe, Mukuka anafanya kazi kwenye tanuru. Kisha unaiuliza swali: nani ana haki ya kadi? Mashine inatafuta yenyewe. Ikikwama inarudi nyuma, inajaribu njia nyingine. Naye Musonda, ili ajue imepita wapi, alikuwa ameiagiza iseme kila hatua. Ikasema kweli! Naangalia Mukuka, naangalia nyumba yake, narudi, naangalia tena. Kurasa mia nne za porojo. Nikafunga kabati, nikatia ufunguo mfukoni, nikaenda kula.

Wengine wangenishtaki kwa bwana mkubwa. Yeye alikaa siku mbili akiandika kwa kalamu, kisha akaja na dawa. Kila ujumbe wa mashine aliupa jina la habari yake: huu ni wa baba, huu ni wa nyumba, huu ni wa umri. Aliziita sauti. Zote zililala mpaka uiamshe unayoitaka. Akiandika amri moja fupi, sauti ya umri inaamka peke yake, nyingine zinanyamaza, na badala ya boksi anatumia kurasa tatu. Nilihesabu mwenyewe. Tangu siku hiyo nilimpa kiti changu, kile chenye mto.

Alikuwa na kitu kingine alichokiita kiapo. Katikati ya programu anaandika jambo ambalo lazima liwe kweli hapo, kwa mfano mtoto hawezi kuwa na miaka zaidi ya mzazi wake. Mashine ikifika hapo na kukuta si kweli, hainyamazi ikaendelea kukoroga uongo. Inataja kiapo kilichovunjika na jina la mtoto. Kiapo alichokipenda kuliko vyote kilisema hivi: mtoto ana baba mmoja tu.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa akaiendesha kazi yote kwa mara ya kwanza. Hadi mchana kiapo kile kilikuwa kimevunjika mara arobaini na saba. Watoto arobaini na saba walikuwa na baba wawili, na wengine watatu.

Citoyen Chomba, mkuu wa wafanyakazi, akaja mbio na abacost yake, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Juu yake walikuwa wanamkaba apunguze gharama za dispansari, naye alikuwa na vidonda vya tumbo. Lakini siku hiyo uso wake uling'aa.

"Voilà," akasema. "Bale bantu banaandikisha batoto ya bengine. Mashine inabakamata. Siku ya Posho orodha inaenda kwa direction, bale bote tunakata karte yabo."

Posho ndiyo Jumamosi kwetu, na direction ni ofisi ya wakubwa. Siku tano. Musonda hakula karanga siku ile. Katika wale arobaini na saba alikuwemo Kabwe, msichana wa miaka minane mwenye ugonjwa wa damu, ambaye kila mwezi alibebwa dispansari kuongezewa damu. Bila kadi asingevuka masika, na hilo kila mtu ofisini alilijua, hata Chomba.

Musonda akaja kabatini. "Unipe karatasi mbili."

Nikampa tano. Akaamsha sauti ya baba peke yake, akauliza juu ya Kabwe peke yake. Ikatoka mistari mitatu. Baba ya Kabwe: Mukuka, kwa fomu ya kazi. Baba ya Kabwe: Chola, kwa karatasi ya ubatizo. Kiapo kimevunjika. Tukatuma mtu amwite Mukuka kutoka tanuruni.

Alikuja na aproni ya ngozi, jasho linamtiririka, kofia ameikumbatia. Mtu wa mtaa wa Hewa Bora, mkimya. Musonda akamkaribisha kiti, akakataa kwa sababu ya uchafu wa nguo.

"Papa Mukuka, uko na batoto ngapi?"

"Sita, mama."

"Kabwe naye?"

"Kabwe iko wa miye."

"Na huyu Chola ni nani?"

"Chola ni yaya yangu, ndugu mukubwa. Alikufwa ku njia ya Kasomeno, kamyo ya samaki ilipinduka."

"Basi Kabwe ni mutoto ya Chola."

"Ndiyo, mama."

"Mais umeandika ni mutoto yako."

"Ndiyo, mama. Ni mutoto yangu."

Musonda akajaribu tena, taratibu, na nilimwona anaona haya hata kabla swali halijaisha. "Kati ya bale sita, wewe mwenyewe ulizala ngapi?"

Mukuka akasema, bila kupandisha sauti, "Mama, unaniuliza batoto yangu, ao unaniuliza bibi yangu aliingia maternité kuzala mara ngapi? Juu ya ile ya pili, mi sitakujibia hapa mbele ya bantu."

Akavaa kofia, akaomba ruhusa ya kurudi tanuruni. Nilitamani sakafu inimeze, na sikuwa nimesema neno.

Musonda akapiga paji la uso kwa kiganja, kofi la kweli, hadi nikashtuka. "Baba bane! Papa Karatasi, miye niko na baba bane kule Lukafu! Ule alinizala, na badogo yake batatu. Bale badogo njo balinilipia masomo, juu mukubwa alikuwa mugonjwa. Bote ninabaita baba. Na nilikaa hapa, na kichwa yangu yote, niliandika mumoja!"

Nilicheka, naye akacheka, lakini machozi yalikuwa karibu. Fomu ilitungwa na Chomba kwa Kifaransa, *père*. Kwa ajili ya watu wa tanuru wasiosoma Kifaransa ikageuzwa Kiswahili, baba. Watu wakajibu walichoulizwa. Kwetu ndugu wa baba ni baba, hakuna mwenye kudanganya hapo. Waliodanganyika ni wasomi wawili, mmoja wa fomu na mmoja wa kiapo, na wote wawili walizaliwa katika nyumba kama ya Mukuka. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Mimi kwa ujuaji wangu nikamshauri aandike mzazi badala ya baba, na mambo yatanyooka. Aliniangalia kwa huruma. "Yatanyooka, ndiyo. Muzazi ya Kabwe alikufwa. Hakufanyaka kazi hapa. Mashine itasema vizuri sana: Kabwe hana haki. Haitapiga hata kelele."

Sikuwa nimeliona. Tungeisahihisha programu na kumuua mtoto kwa usahihi.

Alhamisi akaomba kitabu cha kanuni za kiwanda, chenyewe, si maelezo ya Chomba. Kililetwa na vumbi lake. Akakisoma akiwa amesimama, kidole kwenye mistari, kisha akaenda nacho moja kwa moja hadi mezani kwa mkuu, mimi nyuma yake kama shahidi.

"Citoyen, unisomee hapa."

Chomba akasoma: "*Enfant à charge de l'agent.*"

"Banasema *père* wapi?"

Akasoma tena. Akavua miwani, akaifuta kwa tai ambayo hakuwa nayo, akakumbuka, akaifuta kwa kitambaa. Mtoto anayebebwa na mfanyakazi: hayo tu ndiyo kitabu kilichodai. Nani analisha, nani anavisha, nani anabeba mgongoni kwenda dispansari. *Père* ilikuwa imetoka kichwani mwake.

"Baba mudogo yangu alinikomeza, njo alinilea," akasema polepole. Nadhani alikuwa anajisemea mwenyewe. Kisha akarudi kuwa mkuu. "Bon. Futa ile kiapo, tumalize."

"Sifuti," Musonda akajibu. "Ninageuza."

Na hapo ndipo nilipomheshimu kabisa, maana kufuta kulikuwa rahisi na hakuna ambaye angejua. Alitoa "mmoja tu", iliyokamata wenye zaidi ya mmoja peke yao, akaweka "angalau mmoja". Kila mtoto katika orodha hii awe na angalau baba mmoja anayefanya kazi hapa. Baba wawili, sawa. Baba wanne, mtoto ana bahati. Siku ya Posho asubuhi akaiendesha tena. Nilikaa karibu na mashine ya kuchapa, masikio yote huko. Kabwe akapita. Wale arobaini na saba wakapita mmoja mmoja, kimya, na mimi nikawa namsomea Chomba majina kwa sauti kama padri kwenye litania.

Halafu mashine ikasimama. Kiapo kimevunjika: hana baba. Mtoto Bijou, miaka tisa.

Musonda akaamsha sauti ya baba kwa Bijou peke yake. Haukutoka hata mstari mmoja. Mama wa mtoto amekufa, ilisema fomu, na palipoandikwa jina la baba palikuwa peupe. Dereva wa direction alikuwa ameshafika uani, anapiga honi.

"Ni mumoja tu," Chomba akasema. "Zima kiapo, orodha iende. Huyu tutaangalia mwaka ingine."

"Citoyen, siku zote ilikuwa inalia bure juu ya bantu benye baba mingi. Leo inalia juu ya mutoto hana muntu. Leo njo nizime?"

Honi ikapigwa tena. Chomba akafungua dirisha, akamwambia dereva asubiri, na akamwambia kwa lugha ambayo siwezi kuiandika. Nami nikachukua fomu ya Bijou, nikaigeuza. Nyuma, pembeni, palikuwa na alama ya kidole gumba na jina la aliyeileta, kwa mkono wa karani: Mwaba, mfagiaji.

Mwaba alikuwa anafagia korido yetu miaka kumi na moja. Mwanamke mwembamba, parokiani tulimwita Julienne. Wakati ule ule alikuwa nje ya mlango, ndoo miguuni. Musonda akamwita. Aliingia akikumbatia ufagio, macho chini, akijua kwamba amekamatwa.

"Mama Mwaba, usiogope. Baba ya Bijou ni nani?"

"Alikufwa, mama. Ni yaya yangu."

"Na sasa? Nani anamubeba?"

Akauweka ufagio chini.

"Ni miye."

"Sasa juu ya nini hukuandika jina yako hapa?"

"Karani alisema hapa ni pa banaume." Akainua macho mara ya kwanza, si kwa Musonda, kwa Chomba. "Mais, citoyen, kwetu dada ya baba, iko baba. Bijou ananiita vile. Ananiita baba."

Nilitegemea Chomba acheke. Hakucheka. Akamwashiria Musonda kwa kidevu aandike. Musonda akaandika mstari mmoja, akaiamsha sauti ya baba, akauliza. Mashine ikachapa na kupita. Orodha yote ikatoka, kurasa kumi na tisa, na nisingezinyima hata kama zingekuwa mia nne.

Mwaba hakujua kusoma. Aliomba aonyeshwe. Nikamtafutia ukurasa, nikamshika kidole, nikakiweka juu ya jina lake. Alikiacha pale.

"Papa," akaniuliza, "ni hapa njo banaandika baba?"

"Ni hapa, mama."

Dereva alipiga honi tena. Hakuna aliyemwambia Mwaba aondoe kidole.