Mtu Asiye na Sharti

Hadi siku yake ya mwisho kazini, Sista Syokau alichonga penseli kwa wembe wa upasuaji, na ratiba ya zamu hakuiandika kwa kalamu hata mara moja. Kalamu, alisema, ni ya watu ambao watoto wao hawaugui.

Kwa miaka kumi na tisa alisimamia wauguzi wa wodi yetu, katika hospitali moja pale Upper Hill. Kila mwisho wa mwezi alitandaza karatasi kubwa mezani, nasi tukapita mmoja mmoja kuomba.

"Sista, Jumamosi siwezi. Unajua ni Sabato," Valarie Awuor alimwambia.

"Mungu wako anapumzika Jumamosi. Na wagonjwa wanapumzika lini, mama?"

"Sista naye!"

Lakini Valarie alipata Jumamosi zake, akafanya Jumapili za wenzake. Pengo lililobaki, Syokau alilijaza mwenyewe. Tulizoea hata tukaacha kuona.

Mwaka juzi hospitali ilileta programu ya kupanga zamu. Ukiipa masharti ya kila mtu, inajaribu mipango maelfu kwa maelfu, kisha inachagua ule unaovunja masharti machache zaidi. Mimi nilikuwa nimesomea kompyuta kidogo, nikapewa kazi ya kuyaingiza. Syokau alikaa nami siku mbili akinitajia shida za kila mmoja bila kutazama karatasi yoyote: nani ana mtoto mgonjwa, nani anasoma, nani hapatani na nani. Tulipofika kwa jina lake, aliitwa wodini. Akasema nimngoje dakika kumi.

Sikungoja. Syokau alifanya zamu yoyote, nani asiyejua? Niliacha safu yake tupu. Aliporudi nikamwambia tumemaliza. Akaniuliza kama nina hakika, akaenda zake.

Sikujua kwamba mumewe, Muasya, alisafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa asubuhi. Ni Syokau aliyemtoa nyumbani kwao, mtaa wa Satellite, amemshika kiuno, maana miguu ya mzee ilikuwa imeisha nguvu. Tangu mzee augue, alijipangia zamu ya alasiri siku hizo, kimya kimya.

Programu ilimpa asubuhi, Jumanne zote na Ijumaa zote. Wengine wote walikuwa na masharti.

Alikwenda kwa Norman, wa ofisi ya utawala.

"Madam, nikikugusa wewe, ratiba nzima inaharibika. Andika barua, mwezi ujao tutaiweka."

"Mwezi ujao, Norman?"

"Mfumo hauna upendeleo. Si ndio uzuri wake?"

Akatuomba tubadilishane naye. Kwa mara ya kwanza kila mmoja wetu alikuwa amepata alichotaka, na hakuna aliyekubali kukirudisha. Hata mimi. Jirani alimpeleka Muasya mara mbili, kisha akapata kibarua Loresho. Mzee alikosa mashine mara nne. Tulimzika Kitui kabla ratiba mpya haijatoka.

Syokau hakurudi kazini. Nilimtembelea Satellite na kilo mbili za sukari, nikamwambia sikujua, anisamehe. Alinipa chai. Tulizungumza habari za wodi, akamuulizia Valarie. Akanisindikiza hadi langoni, akalifungua.

"Nilitoka dakika kumi tu, Lornah," akasema.