Siku Mama Alipochagua Tairi

Mama yangu aligoma kupanda gari langu mwezi wa nne, shule zikiwa zimefungwa, siku ileile gari hilo lilipoteleza kwenye matope ya barabara ya kwao, huko ndani ya Njoro, na kutuingiza kwenye mahindi ya jirani. Hatukuumia. Mahindi yenyewe yalikuwa bado mafupi, na jirani ni mtu wa kanisa lao, akatusukuma huku anacheka. Lakini Mama, ambaye wakati huo alikuwa haoni vizuri kwa sababu ya mtoto wa jicho, alishuka, akainama, akapapasa tairi la mbele kwa kiganja chote jinsi anavyompapasa ng'ombe mwenye mimba.

"Hii tairi ni laini kuliko uso wangu," alisema. "Gari yako inatembea miguu mitupu. Sipandi tena mpaka uivalishe viatu."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Mimi ni mwalimu, na ni bahili, na haya mawili sijui lipi lilianza. Kila muhula nilisema tairi nitanunua muhula ujao. Fundi wa pancha wa karibu na nyumbani kwangu, Section 58, alikuwa ameanza kunisalimia kama jamaa.

Shida ni kwamba Alhamisi ya wiki ile Mama alikuwa anangojewa hospitalini Nakuru kupasuliwa jicho. Daktari wa kazi hiyo alikuwa anakuja mara moja kila baada ya miezi kadhaa, na Mama alikuwa ameshakosa zamu mbili. Ya kwanza, ng'ombe wake alizaa. Ya pili, kulikuwa na mazishi ya mtu ambaye, nilikuja kujua baadaye, Mama hakuwa anampenda hata kidogo. Muuguzi alinipigia simu akanieleza kwa upole kwamba akikosa safari hii, jina lake litarudi mwisho wa orodha, na jicho la kushoto huenda halitangoja. La kulia lilikuwa linafuata nyuma yake.

Nilimwambia nitakodi teksi. Akasema hapandi gari la mtu ambaye hajui kwao. Nilimwambia tutapanda matatu. Akaniuliza kama nataka arudi nyumbani na jicho bichi huku watu wanampiga viwiko. Basi nikakubali kununua tairi, zote nne, kabla ya Alhamisi.

Sasa, mjini kwetu mtu hanunui kitu dukani. Ananunua kwa mtu. Ukitaja tu neno tairi mbele ya watu wanne, wanne wote wana mtu wao, na kila mmoja anakuapia kwamba ukienda kwingine utaibiwa mchana. Mwalimu mwenzangu alikuwa na mtu wake mjini kati. Mchungaji alikuwa na mtu wake, ambaye pia aliuza magodoro. Kaka yangu wa Lanet alikuwa na mtu wake kwenye barabara ya Nairobi, na zaidi ya hapo akanitumia ujumbe mrefu wa simu kunifundisha kwamba kila tairi limeandikwa ubavuni tarakimu nne zilizoinuka, mbili za wiki na mbili za mwaka, zinazoonyesha lilitengenezwa lini. Kosa langu lilikuwa kumsomea Mama ujumbe huo kwenye simu.

"Kumbe tairi ina siku ya kuzaliwa," alisema. "Usinunue kitu. Jumanne nakuja kuchagua."

Nilimwambia tairi si mtamba. Mama amenunua na kuuza ng'ombe wa maziwa tangu kabla sijazaliwa, na amepunjwa mara moja tu, na hiyo mara moja huisimulia kila Krismasi.

"Muuzaji anakuharakisha, na kasoro iko chini usikoangalia," alijibu. "Kuna tofauti gani?"

Jumanne alishuka kwenye matatu akiwa amevaa gambuti na kilemba cha kanisani. Nilimuuliza kwa sauti tamu kama alikagua tairi za matatu hiyo.

"Matatu si ya mtoto wangu," alisema. "Ikiniangusha nitalaumu serikali."

Na kwa kuwa alikuwa ameapa kutopanda gari langu, na gari lilihitajika huko kwa fundi, tulizunguka mji hivi: mimi mbele peke yangu ndani ya gari tupu, na Mama nyuma yangu kwa tuktuk, ameketi wima kama mke wa gavana. Watu waliotufahamu walipunga mikono kwa Mama, wakaniangalia mimi kwa macho ya lawama. Tuktuk ile ilikuwa na tairi tatu, na moja ilikuwa na kiraka, lakini nilichagua amani.

Tulianza kwa mtu wa kaka yangu. Alitoka mbio akitukaribisha, mathe huku, shosho kule, kana kwamba Mama ni mama yake na nyanya yake kwa pamoja, akatuonyesha tairi zilizofungwa utepe unaong'aa.

"Hizi ni za mwaka huu, mathe. Zimetoka Japan, hata kontena bado iko na joto."

Mama aliomba kuoneshwa zile namba. Nilichuchumaa, nikazitafuta, nikamwekea kidole juu yake. Mama alizipapasa polepole, akarudia, midomo ikisogea. Huyu ni mwanamke anayewatambua ng'ombe wake gizani kwa kuwagusa pembe, na namba zilizoinuka hazikumshinda.

"Mwaka huu," alisema.

"Mwaka huu, shosho."

"Hii ni rika la mjukuu wangu. Yuko darasa la tatu."

Muuzaji alicheka, akasema tairi likikaa ndani haliozi. Mama akamshukuru, akamwambia tutarudi. Watu wote wa Nakuru wakiambiwa tutarudi wanajua maana yake ni kwaheri, na yule kijana alishaanza kumkimbilia mteja mwingine kabla hatujageuka.

Kwa mtu wa mwalimu mwenzangu kulikuwa na vioo, viti vya ngozi, na chai ya bure. Nilipapenda mara moja. Nilikunywa chai yangu na nusu ya ile ya Mama, nikiona mambo yamekwisha. Kijana nadhifu mwenye tai alituambia tairi zake hazina shida yoyote.

"Hata moja?" Mama aliuliza.

"Hata moja, shosho. Ziko perfect."

Mama aliinuka, akatafuta mlango kwa mkono. Nje nilimuuliza kuna nini tena, maana nilikuwa nimeanza kuchemka.

"Sijawahi kuona ng'ombe asiye na shida," alisema. "Nimeona tu wale ambao shida yao imefichwa."

Wa mchungaji tulimruka kwa sababu ya magodoro. Ilikuwa karibu saa sita tulipofika mahali ambapo hapakuwa pa mtu wa mtu yeyote, kibanda cha mabati kwenye barabara ya kwenda Njoro, na mashine moja ya kutoa tairi kwenye rimu. Mwenyewe alikuwa mwanamume mnene aliyevaa ovaroli, mwenye uso wa mtu aliyeamshwa. Hakutuita mathe wala shosho. Nilimweleza tunachotaka, akakuna shingo.

"Ziko," alisema. "Mbili ni za mwaka huu, mbili ni za mwaka jana, zilikaa stoo. Zinashika matope vizuri. Lakini kwa lami zinapiga kelele, nisikudanganye. Kama hupendi kelele, nenda mjini."

Mama alipapasa namba za zote nne. Kisha akasema tutarudi.

Hapo uvumilivu wangu uliisha. Nilimwambia nina njaa, petroli inakwisha, mtu wa tuktuk sasa anatuona kama ajira ya kudumu, na tairi ndizo hizo. Mama alinisubiri nimalize. Akanikumbusha kitu ambacho nilikijua tangu utotoni: ng'ombe wa kununua haangaliwi mara moja. Muuzaji mjanja huacha kumkamua asubuhi ili ukifika ukute kiwele kimejaa. Kwa hiyo unaenda, unaangalia, unaaga, halafu unarudi jioni bila kualikwa.

"Hata mtu ana kiwele cha asubuhi," alisema.

Tulikula chapati na maharagwe, tukangoja mpaka saa tisa, tukarudi kwa mtu wa kaka yangu. Alitoka mbio vilevile. Hakutukumbuka kabisa, ingawa sijui ni wateja wangapi humjia kwa msafara wa namna ile. Mama alimuuliza tairi zile zinatoka wapi.

"Thailand, shosho. Original."

Mama alitikisa kichwa kwa adabu, akarudi kwenye tuktuk yake.

Kwenye kibanda cha mabati tulimkuta yule mnene anakula ndizi. Mama aliuliza upya kila kitu, kana kwamba ndiyo kwanza tumefika. Yule mtu alimwangalia yeye, akaniangalia mimi.

"Si niliwaambia mchana? Mbili za mwaka huu, mbili za mwaka jana, na kelele iko palepale."

"Funga," Mama akasema.

Alisimama pale mpaka tairi la mwisho. Alitaka kujua hewa inaingia ngapi, kwa nini wanabandika vyuma vidogo kwenye rimu, na za zamani zinaenda wapi. Mbili alizichukua za kuwawekea ng'ombe chumvi. Kisha akamuaga mtu wa tuktuk kwa mkono, akaingia kwenye gari langu, kiti cha mbele, na tukaenda Njoro tairi zikilia njia nzima, kama tulivyoambiwa. Kwenye matope ya kwao gari lilipanda bila hata kusita. Niliringa mno. Usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa uani kwake. Mama alikuwa ameshakamua, ameoga, amevaa nguo za Jumapili. Alilizunguka gari akigusa tairi moja moja, zote nne. Halafu akasimama nyuma.

"Fungua boot."

Nilifungua. Alipapasa chini ya zulia mpaka akalipata tairi la akiba, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau tangu nilinunue gari. Lilikuwa upara mtupu.

"Basi siendi," alisema, akaketi juu ya ndoo ya maziwa iliyofunikwa.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kumwonyesha mzazi, na naisimulia kwa aibu. Nilimwambia amenizungusha mji mzima kama kichaa. Nilimwambia ng'ombe alizaa, mtu akafa, tairi zikaisha, na kesho atasema kioo cha gari kina ufa. Nilimwambia akitaka kuwa kipofu awe, lakini asisingizie gari langu. Ng'ombe wake wote watatu waliacha kutafuna wakatuangalia.

Mama alikuwa anajipangusa mikono kwenye sketi, ingawa haikuwa na kitu.

"Naogopa," alisema.

Alikuwa hajawahi kuniambia neno hilo. Hata siku tuliyomzika Baba hakulisema. Hasira yote iliniisha, nikakaa chini kwenye nyasi zenye umande, nguo zangu nzuri nikiwa nazo.

"Yule daktari aliniambia mwenyewe," aliendelea. "Wengi wanaona vizuri, lakini kuna wengine jicho linakataa. Linaweza kupata maradhi, linaweza kuzimika kabisa. Alinitazama usoni akaniambia. Daktari gani anamwambia mtu maneno kama hayo?"

Na mimi nilikuwepo siku hiyo. Niliyasikia, nikatia sahihi, nikaenda kununua maandazi. Sikuwahi kumuuliza Mama aliyasikiaje. Ilinichoma.

Nikamuuliza kwa nini Jumanne alinunua kwa yule mnene, na si kwa yule wa chai ya bure.

"Kwa sababu alituambia kelele."

"Basi na daktari amekuambia kelele," nikasema. "Angekuambia hakuna shida hata moja, ningekurudisha nyumbani mimi mwenyewe."

Mama alifikiri. Nilimwona akifikiri, uso wake ukiwa umeelekea zizini. Kisha alinyoosha mkono nimuinue.

"Na ulimuuliza mara mbili?" alisema tukiwa tunatembea kuelekea mlangoni mwa gari.

"Utamuuliza wewe tukifika."

Alimuuliza. Daktari, akiwa tayari na kofia ya kijani, alirudia maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, na Mama akaniambia nimshikie kilemba.

Bendeji ilitolewa kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimesimama dirishani, nimeng'ang'ania mkoba wake. Alifumba, akafumbua, machozi yakamtoka, akafumba tena. Alimwangalia muuguzi, akaangalia kalenda ukutani na kuusoma mwezi kwa sauti. Kisha akageukia kwangu na akaniangalia kwa muda mrefu mpaka nikaona haya.

Akanyoosha mkono, akagusa nywele zangu juu ya sikio, palipo na mvi, akizipapasa polepole kwa ncha ya kidole.

"Hii ni ya mwaka gani?" aliuliza.

Nilicheka. Nikamwambia ina kama miaka minne, ilianza kidogokidogo, sasa imezunguka kichwa kizima. Mama hakucheka. Aliendelea kuniangalia, jicho moja jekundu limejaa maji.

"Ungeniambia," alisema. "Ningekuja hapa mapema."