Pengo la Firimbi

Calogero Sciortino alivunjwa jino la mbele akiwa mvulana, kwa goti la kipa, kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya kiwanda cha chuma. Kipa alipewa kadi ya njano. Calogero alipewa kazi ya maisha, isipokuwa haikuwa na mshahara.

Kupitia lile pengo, kila S yake ilitoka na mluzi mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka chumba cha pili. Shuleni walimcheka. Alipoanza kuchana mistari wakanyamaza, na Charleroi yote, mji wetu huu wa Ubelgiji, maana yake ile Charleroi inayosikiliza rap, ikamjua kwa jina la Firimbi. Alirekodi ubeti mmoja wa maana, kwenye kaseti ya vijana wa mtaani, kuhusu mababu waliotoka Sicily kuja kushuka kwenye migodi ya makaa na wengine hawakupanda tena. Ubeti ulipigwa kwenye magari, kwenye vibanda vya chipsi, na angalau kwenye mazishi mamoja. Kisha kundi likavunjika kwa sababu zilezile zinazovunja makundi yote, na Firimbi akaenda kuendesha foklifti kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, ambako hakuna aliyejali S zake.

Binti yake Laura alipokaribia kuolewa, alimwambia baba yake kwamba picha za harusi hukaa ukutani miaka mingi. Calogero alielewa. Daktari akamgundishia jino la bandia, akalishikiza kwa majirani zake wawili, akamwonya asiguse peremende za siagi, zile zinazonata. Kwenye picha za harusi anacheka kuliko bwana harusi.

Hakugundua kwamba kuna kitu kimeondoka. Mtu hasikii sauti yake mwenyewe, na foklifti hazina mwangwi.

Ndipo Ridouan alipompigia simu. Ridouan ni kijana wa mtaa wa Marchienne anayejiita Makaa, jina ambalo hapa kwetu hupendwa sana na watu ambao hawajawahi kuyashika. Alikuwa anatoa albamu yake ya kwanza kubwa.

"Anko Gero, mimi nimekua na ule ubeti wako. Mama alikuwa anazima redio, mimi naendelea nao bafuni. Nataka ubeti mpya kutoka kwako. Lakini nataka na ule mluzi. Bila mluzi, si bora nimwite shemeji yangu?"

"Shemeji yako anachana?"

"Anauza mazulia."

"Basi nakuja," alisema Calogero.

Kwa wiki nzima aliandika kwenye foklifti. Mkewe Nunzia anasema alikuwa anaota kwa vina. Alikuwa amesubiri ile simu kwa muda mrefu kuliko alivyomsubiri Laura kuzaliwa, na tofauti yake ni kwamba Laura alikuja kwa wakati.

Studio iko chini ya jengo lililokuwa la dobi, na mwenyewe ni Maïté Delcourt, fundi mitambo asiyetabasamu kabla hajasikia kitu. Maïté ana desturi yake. Maiki zote huzivika soksi za sufu kabla mtu hajaingia, kwa sababu wachanaji huchagua maiki kwa macho. Wote wanataka ile kubwa ya rangi ya dhahabu waliyoiona kwenye video, hata kama ina masikio makali kiasi cha kurekodi na mate yakimezwa. Kwa Maïté unachana mstari uleule mbele ya kila soksi, unasikiliza, unasema ipi ni wewe. Soksi inavuliwa baadaye. Watu wazima wametoka pale wakilia.

Calogero alichana mbele ya soksi ya kwanza. Wakasikiliza.

"Hii baridi," alisema. "Imenigeuza mtangazaji wa hali ya hewa."

Soksi ya pili ilificha maiki nyeusi, nzito, ya aina wanayopenda watu wa redio.

"Hii imefunga mlango. Mluzi umebaki nje."

Ya tatu ilikuwa ya jukwaani, ya kushika mkononi. Calogero akaikamata kichwani kwa ngumi, kama zamani.

"Shusha mkono, anko, unaikaba koo," alisema Maïté.

"Ndivyo tulivyokuwa tunashika sisi."

"Ndiyo maana nyote mnasikika kama mko ndani ya ndoo."

Alishusha mkono. Mluzi haukuja. Ridouan, aliyekaa kwenye sofa, alianza kuangalia simu yake, jambo ambalo vijana hulifanya badala ya kusali.

"Maiki zenu za kisasa zinaosha sauti," alisema Calogero. "Tulirekodia ile ya kijivu, ya Mjerumani. Mluzi ulikuwa mle. Iko ukumbi wa parokia, wanasomea namba za bahati nasibu."

Maïté alitaka kupinga. Lakini Ridouan alikuwa ameshashika funguo za gari. Akaenda parokiani, akawaacha akina bibi wakitaja namba kwa kupiga kelele, akarudi na maiki ya kijivu iliyonukia kahawa. Ikavikwa soksi, ingawa kila mtu alijua ni ipi. Calogero akafumba macho, akachana kwa roho yake yote.

Waliposikiliza, kila S ilitoka safi, nadhifu, kama ya karani wa benki.

"Anko," alisema Maïté, taratibu sasa, "hebu fungua mdomo."

Akafungua. Maïté akachungulia, akawasha taa ya simu, akachungulia tena.

"Hilo umeliweka lini?"

"Harusi ya Laura."

Maïté alianza kuzivua soksi moja moja, kama mtu anayeanua nguo baada ya mvua kunyesha.

"Usijali, mzee wangu," alisema Ridouan, ambaye alikuwa anajali sana. "Tutakata kipande kwenye kaseti. Jina lako litakuwepo."

"Kipande cha nani?"

"Chako."

"Mimi niko hapa, unakata kipande changu? Nipe mpaka Jumapili."

Jumamosi mchana alikaa jikoni na mfuko wa peremende za siagi. Nunzia alimkuta taya limevimba upande mmoja, mpira unaendelea kwenye televisheni bila mtazamaji.

"We Calogero, umeambiwa nini na daktari?"

Alijibu kitu kisichoeleweka.

"Una wazimu. Ubatizo wa mjukuu ni mwezi ujao. Laura atakuua, na mimi nitamshikia koti."

Jino lilitoka kabla ya mapumziko, limenata kwenye peremende, pamoja na kipande cha jirani yake wa kushoto. Calogero aliutema mzigo wote kiganjani, akautazama, kisha akasema, "Sasa sikiliza, Nunzia." Mluzi ukavuka jikoni. Mbwa wa ghorofa ya chini akaitika.

Jumapili alipitia soksi zote upya, na safari hii hapakuwa na ubishi. Maiki ya dhahabu, ileile aliyoiita baridi, iliukamata mluzi mzima, pamoja na pumzi iliyoutangulia. Alichana mara moja. Maïté alitabasamu. Ridouan alisimama, akambusu Calogero kwenye paji la uso, akasema huu ndio wimbo utakaobeba albamu.

Kanda zikapelekwa Brussels kwa bwana mmoja wa kuchanganya sauti, mtu makini, mwenye kazi nyingi kuliko usingizi. Hakuna aliyemwambia kitu kuhusu mluzi, kwa kuwa kila mmoja alidhani kitu kilicho wazi namna ile hakihitaji kuambiwa. Bwana yule ana mtambo unaosaka kila S kali na kuilainisha, ili masikio ya wasikilizaji yasiumie. Huupitisha kwenye sauti zote, kama mpishi anavyoosha mboga zote. Siku ile aliona S zina uchafu mwingi, akaosha mara mbili.

Wimbo ulitoka Ijumaa. Mkahawa wa Tonino ulijaa, Ridouan akiwa katikati, Calogero kwenye kona ya kaunta na shati la harusi. Ubeti wake ulipoingia watu walishangilia jina, kisha wakasikiliza.

"Sauti ni yake kweli?" aliuliza mmoja.

"Ametengeneza meno huyo. Niliona picha za harusi. Pesa zikiingia, mluzi unatoka."

Ridouan alikuwa anaitazama glasi yake.

"Sio hivyo!" alisema Calogero. "Sikilizeni, si mimi, ni Brussels, mimi sina jino, sasa hivi sina..."

Kila S ilitoka na mluzi wake, mwembamba, mkamilifu, ukapita juu ya spika mpaka mlangoni. Watu wa meza ya mbele wakageuka wakiwa wamekunja uso.

"Gero, bwana, acha miluzi," alisema Tonino. "Tunamsikiliza Firimbi."