Biskuti za Ndizi Uani Kampemba

Sukari ilikuwa imeadimika, basi mama alitia ndizi zilizoiva sana kwenye biskuti zake. Harufu ilimleta mwanajeshi uani kwetu.

"Sukari ya magendo ya kule mpakani Mokambo munaficha wapi?" Alimpiga baba mdomoni kwa kitako cha bunduki, meno yakamtoka.

"Iko ndizi tu, shefu."

Akampiga tena, kisha akaiona sufuria. Mama alikuwa ameweka makaa juu ya kifuniko, akayafunika kwa majivu, ili biskuti ziive pande zote.

"Usiguse, papa, iko moto," mama alimwambia mwanajeshi.

"Kumbe ni humu," akacheka, akakishika kifuniko kwa mikono miwili. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye chuma.

Bunduki ilianguka. Mama akaiokota, akamtundikia begani, akamfungulia mlango. Ingebaki kwetu, kambi nzima ingeifuata.

Baba alikula biskuti zake zimelowekwa kwenye chai.