Mkwe Aliyempiga Picha Zuhura

Mume wangu Latifu ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Mimi ni mtu wa kuwaka haraka, kwa hiyo mnaweza kufikiria nyumba yetu ya Tangini ilivyo: mimi nasema, yeye anajibu "sawa, Mama Maua", halafu anaendelea na lile lile alilokuwa analifanya. Kazi yake ni picha za pasipoti kwenye kibanda chake pale Kibaha mjini. Anamkalisha mtu mbele ya kitambaa cha bluu, anamwambia anyanyue kidevu kidogo, basi. Akirudi jioni hataki tena kupiga picha watu. Anapiga picha sayari.

Darubini aliipata kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ni bomba jeupe, nene, na miguu mitatu ya chuma. Siku alipoingia nayo uani nilimuuliza, kama padri mwenyewe mbingu zimemshinda, wewe wa picha za pasipoti utaziweza wapi? Akacheka tu, akaisimamisha karibu na kamba yangu ya kuanikia nguo. Tangu hapo nguo zangu naanua kwa ratiba ya Mshtarii na Zohali.

Ila sitamnyima haki yake, kazi yenyewe anaijua. Anaitoa darubini nje mapema ili ipoe, maana kioo kikiwa na joto sayari inacheza. Kisha anafunga simu kwenye tundu la kutazamia, anachukua video, na baadaye kompyuta inachagua vipande vilivyotulia na kuvipanga kimoja juu ya kingine mpaka ipatikane picha moja safi. Tangini inamtesa kwa sababu ya mabati. Yanapigwa na jua kutwa nzima, jioni yanatema joto, na hewa ya juu yake haitulii. Mara ngapi nimemsikia analilaumu bati la jirani kama vile bati lina masikio.

Mwaka huo, Ramadhani nzima, alikuwa anamfuata Zuhura, ile nyota kubwa inayowaka magharibi jua likishazama. Kwa macho matupu ni nyota, hakuna zaidi. Ukimtazama kwa darubini ana umbo la mwezi mchanga, kwa sababu jua linammulika ubavu mmoja. Na kadiri siku zilivyokwenda alizidi kuwa mkubwa na mwembamba. Latifu alifuturu tende moja na maji, huyo uani, kabla giza halijakolea, mimi nabaki na uji wangu. Nilimwambia haya, mke mwenzangu nimeshamjua, tena ananizidi kung'aa.

Mwisho wa mfungo tulikwenda Marui kwa wazazi wangu tule Idd huko, na darubini ikaenda, imeviringishwa ndani ya kitenge changu kizuri bila hata kuniomba. Latifu alisema Marui hakuna taa wala mabati mengi, Zuhura atatoka vizuri. Hilo kweli.

Sasa lazima nieleze habari ya baba yangu. Mzee Hussen ni mkulima wa mikorosho, lakini pale kijijini wanamjua zaidi kwa mwandamo. Babu yangu alikuwa shahidi wa mwezi, na baada yake akawa baba. Sehemu nyingine watu husubiri redio. Msikitini kwao wana desturi yao: jioni ya mwezi ishirini na tisa baba akisema ameona, Maalim Ashrafu anatangaza kwenye spika, kuku wanakamatwa, na asubuhi ni Idd. Akisema hajaona, wanakamilisha thelathini. Miaka ya karibuni macho yake yameingia ukungu. Sisi wanawe tulikuwa tunajua, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Halafu kuna jambo la ukwe. Kwetu sisi mkwe hapandishi sauti mbele ya baba mkwe wake, hamkazii macho, na kumbishia ndiyo usiseme. Latifu, na upole wake ule, alikuwa mkwe wa kupigiwa mfano. Baba alikuwa anamsifu mbele za watu mpaka mimi mwenyewe nachoka kusikia. Huyu, anasema, sijawahi kusikia "hapana" kinywani mwake.

Jioni ya mwezi ishirini na tisa wanaume walitoka kutazama jua lilipozama, hawakuona kitu. Baba akarudi nyumbani, akafuturu, akaswali Magharibi pale pale, amenuna. Latifu yuko nyuma ya nyumba na darubini yake, amemlenga Zuhura juu kidogo ya mikorosho. Mimi nakusanya vyombo vya futari. Baba akamfuata, akamuuliza anatazama nini huko. Latifu akatoa simu kwenye tundu, akasogea pembeni, akamkaribisha kwa mkono, kama adabu inavyotaka. Baba akainama, akaweka jicho.

Akafumba jicho la pili. Halafu akasema taratibu, "Allahu akbar. Mwezi huo hapo."

Nilimwona Latifu anafungua mdomo. Wallahi nilimwona. Kisha akaufunga, akainamisha kichwa. Baba alikuwa ameshanyanyuka, uso wote unacheka, anatafuta kofia yake. Nilipoweka sinia chini alikuwa ameshashika njia ya msikitini, na nilipomwita alinipungia mkono bila kugeuka.

Nilimuuliza Latifu kile ni nini. Akasema Zuhura. Nikamuuliza, umemwambia? Akasema angemwambiaje, na yule ni baba. Jamani, niliwaka. Nilimwambia kijiji kizima kesho kitakula mchana wa Ramadhani, watoto na wazee, kwa sababu yeye anaona haya. Nilimwambia baba ndiye atakayebeba dhambi hiyo, si yeye. Akasema labda amwite mtu aje atazame tena. Tukageuka wote wawili. Wingu lilikuwa limepanda nyuma ya mikorosho, Zuhura hayupo, na asingerudi tena jioni hiyo.

"Usipokwenda wewe," nikamwambia, "naingia mimi kwenye safu za wanaume."

Alijua sitanii. Akachukua simu yake, akaenda, mimi nyuma yake na kanga yangu kichwani. Njiani tulishaanza kusikia kuku wanapiga kelele kwenye nyumba za watu, habari imetutangulia. Jirani mmoja akanipongeza kwa Idd. Sikumjibu, na mpaka leo ananisema kwa hilo.

Msikiti umejaa watu wanaongoja Isha. Nilisimama dirishani upande wa wanawake. Spika ilishawashwa, inakoroma, na Maalim Ashrafu amekaa mbele anamhoji baba kwa utaratibu wake. Umeuona kwa jicho lako? Kwa jicho langu. Kupitia lile bomba la mkwe wako? Kupitia hilo, na miwani ni kioo vilevile. Maalim akaridhika na hoja ya miwani. Akauliza kama kuna mwingine aliyeuona.

"Mkwe wangu huyo hapo," baba akasema, anamwonyesha Latifu mlangoni. "Yeye ndiye aliyekuwa anautazama kabla yangu. Muulizeni."

Watu wote wakageuka. Nilishika nondo za dirisha mpaka vidole vikaniuma. Nilimjua mume wangu, neno "ndiyo" ndilo linalomtoka lenyewe, na safari hii neno moja tu lingetosha kukifuturisha kijiji. Akavua viatu. Kisha akapita katikati ya watu, hakwenda kwa Maalim, akaenda kwa baba. Akapiga magoti, akampa simu kwa mikono miwili.

"Baba," akasema, "naomba utazame hizi kwanza."

Zilikuwa picha zake za Zuhura, ya jioni ile na zile za Tangini. Baba akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. Latifu akamweleza kwa sauti ya chini, lakini msikiti ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. Hiki ndicho ulichokiona leo. Hiki hapa nilikipiga juzi, kinafanana. Na hiki nilikipiga mwezi kumi na nne, jua limetoka kuzama, upande wa magharibi. Akasogeza kidole. Na huu ndio mwezi wenyewe jioni hiyo hiyo, unachomoza mashariki, umejaa.

Baba akairudisha ile ya kwanza. Akaitazama. Akaenda kwa ya pili, akarudi tena. Nyuma kule Saidi, mwenye duka, akasema picha siku hizi zinatengenezwa, na huyu si fundi picha? Wengine wakamuunga mkono, maana kuku wao walikuwa wameshachinjwa. Kelele zikaanza kupanda. Maalim akanyoosha mkono kwenye spika, na mimi sikujua anataka kutangaza au kuzima.

Baba akamwahi. Aliichukua ile maikrofoni mwenyewe, na sauti yake ikatoka nje mpaka mashambani.

"Mimi ni Hussen. Nilichokiona si mwezi. Mwezi haujai na kuandama jioni moja. Ni nyota, macho yangu yamenidanganya. Kesho tunafunga. Na kwa habari ya mwandamo, msiniulize tena."

Akaiweka chini, akajipanga safu ya mbele kuswali Isha kama kawaida. Saidi aliguna, ila hakuna aliyembishia mtu aliyejitoa mwenyewe. Mimi machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Tulirudi nyumbani watatu. Baba mbele, Latifu hatua nyingi nyuma yake, mimi katikati. Nilidhani yameisha. Tulipofika uani baba akasimama, akamgeukia.

"Ulijua tangu nilipoinama pale?"

Latifu akasema alijua.

"Heshima gani hiyo, mwanangu? Umeniona natoka na uongo nyumbani kwangu, naupeleka kwenye nyumba ya Mungu, umenyamaza."

 Latifu alikuwa analia, mtu mzima yule, mikono imening'inia. Na hapo nikashangaa mwenyewe, maana hasira zangu zote za jioni ile zilimhama Latifu, zikamwelekea baba. Nilikumbuka zile sifa za mbele za watu. Sijawahi kumjibu baba yangu maishani mwangu, wala sikuwa nimepanga kumjibu siku hiyo.

"Baba," nikasema, "hiyo ndiyo heshima uliyokuwa unamsifia."

Nilingoja anifokee. Alinitazama, kisha akamtazama Latifu, na nikaona uso wake unazeeka pale pale mbele yangu.

"Ndiyo," akasema. "Nilimfundisha mimi."

Akaniambia nipike daku ya kutosha, akaingia ndani.