Jiwe Ndani ya Ukuta Mbichi

Mwanangu, mimi si mtu wa kushangazwa. Niliingia Nairobi miguu mitupu, darasa la tatu sikulimaliza, na leo ukifika Kawangware ukauliza vyumba vya Fundi Wekesa, hata mtoto atakuonyesha. Wakora nimewaona, askari wa jiji wakibomoa nimewaona, mvua ya kufanya sufuria zielee nimeiona. Lakini iko siku moja, nikiikumbuka naona kama naota, na ndani ya ndoto hiyo niko kimya, mimi nisiyejua kunyamaza.

Ilikuwa Kibera, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nakandika nyumba za udongo pamoja na mke wangu, Nafula. Mimi nasimamisha miti na kufunga fito, yeye anakanyaga udongo, halafu tunajaza pamoja. Ule udongo mwekundu, mwanangu! Asubuhi ukungu unapanda kutoka bwawani, na gari moshi likipita kule relini ukuta mbichi unatetemeka kidogo, kama ngozi ya ng'ombe aliyetuliwa na nzi. Nafula anaimba chinichini. Nikifumba macho hata sasa nasikia ile harufu.

Sifa yangu ilikuwa kiganja. Ukuta ukishajazwa, nilifumba macho nikaupapasa polepole, kiganja kimelala, kutoka juu mpaka chini. Kijiwe kama harage kikijificha ndani, nakipata. Ukikiacha, udongo ukikauka ukuta unapasuka mahali hapo. Watu walikuja kutazama, nami sikuwafukuza.

Asubuhi moja, Nafula akimwaga maji kwenye udongo, akaniambia, "Baba Simiyu, kuna kitu hapa kwenye titi. Kigumu. Hakiumi."

"Ni maziwa hayo," nikasema, wala sikugeuka.

"Maziwa gani? Simiyu anakimbizana na mbuzi!"

"Maziwa ya zamani yamelala. Pasha chanuo moto uchane, yatatoka."

Ndivyo mama zetu walivyofanya kule kwetu, titi la anayenyonyesha likijaa. Na ndani yangu kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema: sikutaka mwanamume mwingine, hata awe daktari, afungue blauzi ya mke wangu. Basi akawa anachana. Wiki zikapita, kuta zikakauka, tukaanza nyumba nyingine.

Hiyo ilikuwa ya Mama Halima, bibi Mnubi ambaye babake alikaa pale tangu alipotoka jeshini enzi za Mwingereza. Alishinda mlangoni akisuka sinia zake za rangi, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake. Siku hiyo akamkuta Nafula amechutama kando ya jiko, anapasha chanuo.

"Unanyonyesha, binti?"

"Hapana, mama."

"Sasa hilo chanuo la nini?"

Nafula akamweleza. Mama Halima akaomba kugusa, akagusa. Halafu nikasikia jina langu mtaa mzima.

"Fundi! Shuka huko juu! Kuja hapa ufumbe hayo macho unayoringia, upapase ukuta wangu!"

Nikashuka nikicheka. Majirani wakasogea. Nikapapasa, na chini ya dirisha kiganja kikasimama. "Jiwe," nikasema.

"Linauma?"

Watu wakaangua kicheko. "Ukuta hauumwi, mama."

"Utalifanya nini?"

"Nalitoa sasa hivi, udongo ungali mbichi."

"Kwa nini usilichane na chanuo?"

Hapo kicheko kilikatika. Mama Halima akanisogelea, akateremsha sauti. "Dada yangu alichana mpaka titi likafanya kidonda. Tulimzika akiwa mwembamba kama hizi fito zako. Unaogopa daktari atamwona mkeo? Hata waosha maiti watamwona, fundi."

Sikunawa. Nilimwendea Nafula nikiwa na udongo mpaka kwenye viwiko, naye akauchukua mkono wangu akauweka juu ya kitambaa cha blauzi. Nikafumba macho. Kiganja kilijua mara moja. Waliniambia baadaye kwamba gari moshi lilipita wakati ule. Mimi sikulisikia.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamume kweli, na alimtazama Nafula vile ninavyotazama ukuta mimi: kuna nini, kumefika wapi, kutatengenezwaje. Walikata kipande, wakakipima, wakasema ni saratani. Lakini bado ilikuwa ndogo, haijatembea mwilini. Titi litolewe.

Nafula akaniuliza, "Utanitaka hivyo?"

"Mimi nataka mtu wa kukanyaga udongo," nikamwambia. Akacheka huku machozi yakimtoka.

Wakati huo nilikuwa na mabati ya chumba changu cha kwanza kabisa, na kuta zimeshasimama Kawangware. Niliyauza mabati yote. Masika yakaja yakazikuta kuta hazina paa, nami nikasimama kwenye mvua nikizitazama zikirudi kuwa udongo, polepole, bila kelele, kama mtu anayesinzia. Nilidhani nitalia. Badala yake nilihisi wepesi, kana kwamba mvua inaniosha mimi. Nafula alikuwa kitandani kule wodini, anapumua.

Bado anapumua. Ametoka hapa sasa hivi kunigombeza kwamba najisifu mno kwenye karatasi.

Basi binti yangu, jifunze titi lako lilivyo likiwa zima, ili likibadilika ujue. Hedhi ikiisha, lipapase kwa vidole vilivyolala, mpaka kwapani. Litazame kwenye kioo. Ukiona uvimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyozama au inayotoa damu, nenda hospitali, hata kama hakuna maumivu. Uvimbe wa Nafula haukuuma hata siku moja. Si kila uvimbe ni saratani, mwingi si kitu, lakini anayejua ni aliyeupima. Na umri ukisogea, nenda ukapimwe hata kama hujahisi lolote. Weka chanuo kwenye nywele.

Na wewe kijana wangu, mkeo akikuambia kuna kitu, geuka umtazame. Vaa viatu mwende pamoja. Wivu wako utausubirisha nje ya mlango wa daktari.

Mungu awape mikono inayosikia mapema na miguu isiyochelewa. Awape kuzeeka na wale mliowapenda mkiwa vijana, mgombezwe nao mpaka mchoke. Na mkiniuliza mimi ilinigharimu nini, nauli, kitanda, dawa, mpaka pamba ya kufunga kidonda, nitawaambia, maana sijawahi kununua kitu kwa bei nzuri kama ile: shilingi mia nne sabini na mbili na senti hamsini.