Mtu wa Nne kwenye Lori

Mlango wa nyuma wa lori ulipofunguliwa pale soko la mifugo la Garissa, nilihesabu mbuzi arobaini na wawili. Nikahesabu tena, maana hesabu ya kwanza huwa ya kumridhisha muuzaji na ya pili ndiyo yangu, nikapata mbuzi arobaini na wawili na mzee mmoja. Alikuwa ameketi katikati yao, shuka limejaa mavi ya mbuzi, mkono umeshika pembe la beberu kama abiria aliyeambiwa ajishikilie.

Nikauliza huyu ni wa nani. Dereva alidhani ni wa wenye mbuzi. Wenye mbuzi, ndugu wawili, walidhani ni wa dereva. Walikuwa wametoka upande wa Ijara wakisimama hapa na pale kupakia, na hakuna aliyekumbuka mzee alipandia wapi. Nikawaambia kwamba bei tuliyopatana ni ya mbuzi tu. Walicheka. Mzee hakucheka.

Mimi ni mtu wa bara. Nimenunua mbuzi Garissa miaka kumi na moja nikiwapelekea wachinjaji wa kwetu, na Kisomali changu ni cha kazi hiyo: namba, meno, miguu, jina la Mungu na njia saba za kusema hapana. Kwa hiyo mengine yote ya siku ile alinitafsiria dalali wangu, mtu wa makamo ambaye hajawahi kunitafsiria kitu bila kuongeza chumvi yake.

Mama mmoja anayeuza chai kando ya zizi alimketisha mzee kwenye benchi lake, akampa chai ya maziwa ya ngamia. Mzee akapokea kikombe, kisha akasahau kwamba amekishika, ikabidi mama amwongoze mkono hadi mdomoni. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vimezama ndani ya nyama. Alipoulizwa jina lake, aligeuka kumtazama aliye nyuma yake, kama kwamba swali si lake. Alipoulizwa ametoka wapi, alionyesha lori.

Dalali akashauri apelekwe polisi, waandike.

"Waandike nini?" mama wa chai akamuuliza. "Mzee, hajulikani? Hilo hata mimi naweza kuandika."

Akainama mbele ya mzee, akasema naye taratibu. Dalali akaninong'oneza kwamba amemwambia, "Adeer, nihesabie baba zako." Adeer ni baba mdogo, ndivyo anavyoitwa hapa mzee yeyote unayemheshimu. Na kuhesabu baba ni jambo ambalo kila mtoto wa Kisomali hufunzwa kabla hajaenda shule: jina lake, la babake, la baba wa babake, vivyo hivyo kurudi nyuma mpaka pale ukoo unapoanzia.

Mzee akafungua kinywa. Majina yakatoka moja baada ya jingine, bila kusita, kwa sauti ya mtu mwenye miaka ishirini. Majina yenyewe siyaandiki. Yana wenyewe.

Nilikuwa na chaki ninayotumia kuweka alama mbuzi niliowanunua, na mkono ukaanza kazi kabla ya kichwa: kila jina mstari mmoja kwenye ubavu wa lori. Kumi na nane. Mtu ambaye hakujua kikombe kiko mkononi mwake.

Dalali akasema huyu mzee anaokota majina tu, yanatoka kama nyuki, hayana maana. Nikamwambia tumwombe arudie.

"Hata wazee unahesabu mara mbili, walalo, ndugu yangu?"

"Hasa wazee."

Mzee akarudia. Nikachora mstari chini ya kila mstari, na ikaja kumi na nane, mmoja haukupungua, mmoja haukuzidi. Lakini safari hii dalali alikuwa ameacha utani, anasikiliza. Kwenye jina la kumi na moja aliweka kikombe chini, na kutoka hapo akaanza kutamka pamoja na mzee, midomo yao ikienda sawa hadi mwisho. Jina lile lilikuwa lake pia. Miaka mia kadhaa iliyopita watu hawa wawili walikuwa na baba mmoja, na sasa wako kwenye benchi moja la chai, mmoja wao alikuwa tayari kumpeleka mwenzake polisi. Nimekaa na dalali huyo tangu nije Garissa, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona anaona haya.

Akanigeukia kujitetea. Mimi je, nina baba wangapi? Nikahesabu. Nikahesabu tena. Watatu.

"Watatu beke yake?" akasema kwa lafudhi yake isiyo na p. "Na unatubigia kelele sokoni."

Akachukua simu. Kutoka tawi kubwa la ukoo akashuka kwenye tawi dogo, huyu akampa namba ya yule, hadi akampata mtu wa Masalani, huko huko Ijara, aliyelijua jina la kwanza kati ya yale kumi na nane. Uso wa dalali ukaanguka. Mwenye jina hilo, alituambia, alikufa zamani, kabla simu hazijafika huko. Yule wa Masalani mwenyewe alihudhuria mazishi yake.

Mzee alikuwa akitazama mbuzi. Mmoja wa wenye mbuzi alisogea nyuma kidogo, na sikumlaumu.

Hapo ndipo kazi yangu ilinisaidia. Nimeona wanunuzi wageni wakihesabu watu wa kugawana gharama za lori, wanarudia mara tatu na kila mara anapungua mmoja, kwa kuwa anayehesabu hajioni. Nikamwambia dalali amuulize yule wa Masalani kama marehemu aliacha watoto wa kiume, na kama kuna mmoja asiyeonekana. Mzee hajafa. Mzee amehesabu kila mtu isipokuwa yeye.

Dalali aliuliza. Tukasikia upande wa pili watu wakiitana, milango, vumbi la sauti, kisha mwanamke akihema. Babake, akasema, alitoka nyumbani leo siku ya nne. Wameshapekua vichaka hadi mtoni.

Mama wa chai akaweka simu kwenye goti la mzee, sauti ikiwa juu. "Aabo," mwanamke akaita. Baba. Akaita tena na tena. Mzee aliitazama simu kwa adabu, kama inavyotazamwa redio ya jirani.

"Usimwite," mama wa chai akamwambia. "Hesabu."

Yule binti akaanza. Akataja jina lake. Akataja la pili, na hilo hatukuwa tumelisikia siku nzima. Akavuta pumzi ataje la tatu, sauti ikamkatika kwa kilio.

Mzee akalitaja yeye. Kisha la nne, na la tano, na binti akamfuata, wakaenda pamoja hadi mwisho, na hakuna aliyebishana bei katika upande ule wa soko mpaka walipomaliza. Niliegemea lori. Nilikuwa nimedhani mtu ni yale anayoyakumbuka, na yakiisha naye ameisha. Na huyu hapa, amepotea hata kwake mwenyewe, nafasi yake bado ipo palepale, kati ya binti na babu, hakuna aliyeikalia.

Mzee alilala kwa mama wa chai. Binti alifika asubuhi na gari la kwanza, vumbi hadi kwenye kope. Babake hakumjua kwa uso. Binti hakulia wala hakumshika kwa nguvu. Aliketi chini mbele yake, akataja jina lake, akataja la pili, akangoja. Mzee akapokea la tatu.

Kisha akamnyooshea mkono. "Njoo basi," akasema, "ninyanyue. Miguu imekwisha."